Wimbo Ukiisha, Habari Iko Wapi?

Yapo malalamiko yasiyokwisha katika baraza zetu za misikitini, hapa Kilosa na kule Mikumi. Baada ya swala ya Alasiri wazee hukaa kivulini, na mara mazungumzo huishia kwenye redio: nyimbo ni nyingi mno, maneno yake hayasikilizwi mbele ya mkwe wala mtoto, na kijana akishaziba masikio kwa vile vidude vyake hata adhana haisikii. Wengine wanataka msikiti uandike barua ya kulaani. Wengine husema dawa ni kuizima redio na kuachana nayo.

Sehemu ya malalamiko hayo tunaikubali, na tutaisema wazi. Hata hivyo tunaona kwamba lalamiko lenyewe limeshika mkia wa jambo na kukiacha kichwa. Idadi ya nyimbo zinazopigwa kwa siku ni swali dogo. Swali kubwa ni kwamba wimbo ukiisha, nani anazungumza, anatoa habari gani, na habari hiyo ameithibitisha kwa nani.

Tuanze na nyimbo, kwa kuwa ndizo zilizozua maneno. Mkoa wa Morogoro haukuletewa muziki na redio hizi za masafa ya FM. Morogoro ndiko alikovuma Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na baada yake Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Baadhi ya wazee wanaolalamika leo (tusifichane) walilicheza dansi la mabwana hao, na nyimbo zao wangali wanazikumbuka neno kwa neno. Jimbo la Mikumi nalo ndilo lililomchagua Joseph Haule, ajulikanaye kama Professor Jay, kuwa mbunge wake tangu 2015 hadi 2020. Jina la mtu huyu lilienea nchini kwanza kwa nyimbo, ukiwemo ule wa "Ndiyo Mzee" wa mwaka 2001 uliowakejeli wanasiasa wanaoahidi kila kitu wakati wa kampeni. Hatusemi kwamba wapiga kura walipatia wala walikosea. Tunalosema ni kwamba mtu asidhani wimbo ni kelele inayopita na upepo. Wimbo humzoesha msikilizaji sauti ya mtu hadi akamwamini, na imani hiyo yaweza kufika kwenye sanduku la kura.

Ama kuhusu hukumu ya muziki katika dini, wanavyuoni wametofautiana tangu zamani. Ibn Hazm wa Andalusia hakuona hadithi sahihi ya kuharamisha ala. Ibn Taymiyya na wengi wengine walikuwa na msimamo ulio kinyume. Al-Ghazali alipambanua kwa kuyatazama maneno ya wimbo, mahali unapoimbwa na hali ya anayeusikiliza. Ukurasa huu hauwezi kuumaliza mjadala wa karne nyingi. Na redio ya jamii, ambayo wasikilizaji wake ni Waislamu, Wakristo na wengineo, haiendeshwi kwa fatwa ya kundi moja. Lakini yapo maneno ambayo hata mtu asiyeswali hapendi yasikike sebuleni kwake saa kumi na mbili za jioni, watoto wakiwa wamekaa. Wimbo wa kusifia zinaa na ulevi, au wa kumdhalilisha mwanamke, tunayo haki ya kuukataa kama wananchi, na kanuni za utangazaji nchini zinavidai vituo viwalinde watoto. Barua ya aina hiyo, yenye kutaja wimbo, siku na saa, na iandikwe. Barua ya kulaani muziki wote itawekwa kabatini, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Sasa tujiulize kwa nini nyimbo ni nyingi. Wengi hudhani ni kwa sababu watangazaji ni vijana, na vijana hupenda starehe. Sababu kubwa zaidi ni gharama. Wimbo mmoja hujaza dakika nne na tayari umo kwenye kompyuta. Kijana mmoja aweza kupiga nyimbo tangu alfajiri hadi adhuhuri bila msaidizi, na usiku kompyuta yaweza kuendelea yenyewe mlango ukiwa umefungwa. Habari moja ya dakika nne kutoka Malolo au Kisanga inahitaji mwandishi, petroli ya pikipiki, vocha ya simu, siku nzima ya kwenda na kurudi, na mtu wa pili wa kuisoma na kuuliza, "Hili umelithibitisha?" Redio za jamii nchini aghalabu hutegemea vijana wa kujitolea wanaopewa posho ndogo au wasiopewa kitu, kwani matangazo ya biashara yenye fedha hukimbilia vituo vikubwa vya Dar es Salaam. Basi mara nyingi wimbo unaosikika ni kiraka, umeshonwa mahali palipokuwa pa habari.

Kiraka kingine ni habari za mbali. Kwa miaka mingi vituo vya mikoani vimekuwa vikisoma vichwa vya magazeti ya Dar es Salaam na kujiunga kwa saa fulani na idhaa za nje kama BBC na DW. Hatuna ugomvi na hilo. Mwislamu anahitaji kuijua dunia. Lakini msikilizaji akizima redio akiwa anaijua Gaza na anaijua Ukraine, na haijui Ulaya, iko kasoro. Tunaikusudia Ulaya yetu, kata iliyo njiani baina ya Kilosa na Mikumi.

Redio ya nchi hii imewahi kufanya makubwa ilipozungumza maisha ya wasikilizaji wenyewe. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza; walikaa pamoja mbele ya redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, redio hiyo hiyo ilianza igizo la Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, ambaye hatimaye aliambukizwa UKIMWI. Mikumi, mji unaopumzikiwa na malori ya Zambia na Kongo, haukuhitaji kufafanuliwa Mkwaju ni nani. Redio hiyo ilipiga muziki vilevile, na mwingi. Muziki haukuizuia kazi.

Wilaya yetu, tukiitazama ilivyokaa, inahitaji redio yake kuliko wilaya nyingi. Milima ya Rubeho na Ukaguru huyazuia mawimbi ya FM, ambayo husafiri moja kwa moja na hayapindi nyuma ya mlima. Baina ya Mikumi na mji wa Morogoro imelala Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inapita ndani yake kwa takriban kilomita 50. Dereva anayekwenda kasi usiku, mnyama anayegongwa, tembo anayeingia shambani na kumaliza mahindi ya familia kwa usiku mmoja, hayo kwa mkazi wa Mikumi ni habari za chakula na uhai. Kwa mhariri wa Dar es Salaam ni mistari mitatu, akipata nafasi.

Kisha kuna maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia Kilosa mjini. Maelfu ya watu walihama nyumba zao wakaishi kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika baina ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 maji yalikuja upande wa Dumila na Magole, yakaikata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Mwenye kuufahamu mto huu anajua kwamba mvua inayoufurisha si lazima inyeshe Kilosa mjini. Hunyesha juu, upande wa Mpwapwa na milimani, na kuna muda baina ya maji kuonekana Kidete na maji hayo kufika mjini. Ndani ya muda huo mtu mmoja mwenye simu na redio moja yenye mtu studioni wanaweza kuamsha mitaa mizima. Kompyuta inayopiga nyimbo peke yake saa nane za usiku haipokei simu.

Na kuna damu. Tarehe 8 Desemba 2000 wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika mgogoro baina ya wakulima na wafugaji. Oktoba 2008 mapigano yalizuka tena wilayani na watu wanane wakapoteza maisha. Wanaoijua migogoro hii wanaeleza chanzo chake: mipaka ya vijiji isiyoeleweka, maeneo oevu yanayotakiwa na pande zote mbili wakati wa kiangazi, ng'ombe waliokamatwa, faini, rushwa, na kesi zisizokwisha. Hayo ndiyo mafuta. Kibiriti mara nyingi huwa ni neno: "Wamemuua fulani," "Wanakuja usiku huu." Zamani neno hilo lilitembea kwa miguu na baiskeli. Siku hizi linapita kwenye makundi ya WhatsApp, likiwa na picha ambayo pengine imepigwa nchi nyingine mwaka mwingine. Mwenye kulisikia atatafuta mahali pa kulihakiki. Akifungua redio ya wilaya akakuta wimbo, na saa ya pili wimbo, atarudi kwenye simu.

Waislamu hatuna udhuru katika jambo hili, kwa sababu tumefundishwa. Aya ya 6 ya Sura al-Hujurat inawaamuru waumini waichunguze habari iletwayo na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Wafasiri wengi wanaihusisha na kisa cha al-Walid bin Uqba, aliyetumwa kwa kabila la Banu Mustaliq kupokea zaka. Walitoka kumlaki, yeye akaogopa, akarudi njiani, akatoa habari kwamba wamekataa zaka na wanataka kumuua. Vita ilikaribia kuandaliwa dhidi ya watu ambao kosa lao lilikuwa kutoka kumkaribisha mgeni. Tafadhali mkisome kisa hicho pamoja na habari za Rudewa. Kundi la watu linatoka kijijini kwao. Mtu analiona kwa mbali, anakimbia, na anachokisema akifika ndicho kinachoamua nani atalala hai usiku ule.

Jirani zetu wa Rwanda walilipa gharama ya redio isiyo na uchunguzi wala haya. Kituo cha RTLM kilianza Julai 1993, na hakikuanza kwa kuhubiri mauaji. Kilianza kwa muziki uliopendwa na vijana, ule wa Kongo ukiwamo, kwa mizaha na maongezi ya kirafiki, ilhali redio ya serikali ilikuwa kavu. Watu walikipenda. Masikio yalipokwisha kuzoea, wimbo ulipoisha yakafuata maneno ya chuki, na mwaka 1994 yakafuata majina ya watu wa kutafutwa. Waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, walitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa hapa Tanzania, mjini Arusha, tarehe 3 Desemba 2003. Yupo pia mwanamuziki Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilipigwa sana na kituo hicho. Mahakama hiyo hiyo ilimhukumu kifungo cha miaka 15 Desemba 2008, na inafaa kujua kwa nini. Majaji walikubali kwamba nyimbo zake zilitumiwa kueneza chuki, lakini kilichomfunga ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani. Hata katika jambo zito kiasi hicho, mizani ilipowekwa, neno lililosemwa waziwazi lilikuwa zito kuliko wimbo.

Wala tusiangalie mbali tu. Februari 2013 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia kwa miezi sita redio mbili za dini: Kwa Neema FM ya Mwanza, kwa matangazo yaliyohusu mzozo wa kuchinja, na Radio Imaan ya hapa Morogoro, kwa vipindi vilivyowahamasisha Waislamu wasishiriki sensa ya mwaka 2012. Wapo walioona adhabu ilikuwa kali kupita kiasi, na huo ni mjadala halali. Yapo pia maswali ya haki ambayo Waislamu waliyauliza juu ya sensa ile. Lakini kuuliza swali hewani ni jambo moja, na kuifanya redio kuwa mwito wa upande mmoja ni jambo lingine. Kwa miezi sita waliokuwa wakiisikiliza Imaan kwa darasa la Qur'ani, kwa matangazo ya misiba au kwa mawaidha ya Ramadhani, wote walinyamaziwa pamoja. Mama wa kijijini asiyejua lolote kuhusu sensa alilipa sawa na aliyeshika kipaza sauti.

Kwa hiyo, ndugu waumini, tunayataka mambo kwa pande zote mbili, na tunaanza na upande wetu.

Kila msikiti uteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kupeleka habari za mtaa kwenye redio: kisima kilichoharibika, dawa zilizokwisha zahanati, mtoto aliyepotea, mpaka unaobishaniwa. Tumesema mwanamke kwa makusudi, kwa sababu habari za kisimani na za kliniki yeye huzijua kwanza. Wapeleke walichokiona, au walichoambiwa na mtu wanayeweza kumtaja kwa mwandishi. Matangazo ya misiba na ya shughuli zetu tuyalipie, badala ya kuomba yasomwe bure kisha tukalalamika kwamba redio haina fedha. Na kamati za misikiti zikae na ndugu zetu wa makanisa, zichange petroli ya mwandishi mmoja wa kuzunguka kata za mbali. Mchango huo utangazwe wazi, na usimpe mchangaji yeyote haki ya kuamua habari ipi itoke. Siku mwandishi huyo atakapoleta habari ya mwenyekiti wa msikiti kula fedha za ujenzi, isomwe.

Maimamu nao, kwa heshima zote, wasitoe juu ya mimbari habari ya mapigano au ya wizi wa ng'ombe waliyoipata kwenye simu dakika tano kabla ya hotuba.

Kwa upande wa redio tunaomba saa moja kila siku isiyoguswa na wimbo, saa ya habari za wilaya pekee, inayojulikana na kila mtu. Ikikosea, isahihishe hewani saa ile ile ilipokosea. Inapotokea ugomvi wa ardhi isimweke hewani mkulima bila mfugaji, wala mfugaji bila mkulima. Asiyejieleza vizuri kwa Kiswahili atafutiwe mkalimani; Mmaasai na Mbarabaigi hawakukosa la kusema, wamekosa wa kuwasikiliza. Baada ya saa hiyo wapige nyimbo zao, zile zisizomfukuza baba sebuleni.

Moja katika hayo halingoji mkutano. Mvua za masika huanza Machi. Kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Februari, wawakilishi wa misikiti ya Kidete na ya Kilosa mjini waende pamoja studioni, wakubaliane na uongozi wa redio juu ya mambo matatu yanayotosha kuandikwa kwenye karatasi moja: nani upande wa Kidete atapiga simu akiona mto umebadilika, nani studioni atakuwa macho kuipokea usiku, na ni namba ipi. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kila msikiti ulio karibu na mto.